Kochi la Shangazi na Mwimbaji wa Queen

Kochi lililovunjika lilikuwa la Shangazi, na hapo ndipo uzito wa kesi ulipo. Lingekuwa langu, ningelitia tofali chini na chai ikaendelea kunyweka. Lakini kochi hilo Shangazi alilinunua na marehemu mumewe walipohamia Hounslow, magharibi ya London. Walililipia kidogo kidogo, na tangu hapo limehama naye kila alipohama. Limebadilishwa kitambaa, limebadilishwa sponji, mbao ni zilezile. Alipokuja kuishi na sisi, kochi lilitangulia mlangoni kabla ya masanduku yake. Watoto hukaa zuliani, mgeni wa heshima hukaribishwa kwenye kochi, na Shangazi mwenyewe hukaa pembeni kabisa, upande wa kushoto, anapoweza kuona mlango na televisheni kwa pamoja. Siku ya Idi, mbele ya ukoo mzima, baba na mwanawe waliliangukia kochi hilo kwa uzito wao wote huku wakiigiza Kenny Everett na Freddie Mercury.

Nieleze ilivyokuwa, maana huko Unguja na Muscat habari imeshafika imepinda. Wapo wanaosema palizuka ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na mchezo, na mchezo wenyewe ulikuwa na sababu yake.

Shangazi hana habari na muziki wa roki. Redio yake ni ya Kurani asubuhi na taarabu jioni, na magitaa ya umeme huyaita fujo. Kwa Freddie Mercury peke yake ametoa msamaha, tena wa siku nyingi. Kwanza ni mtoto wa Unguja: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Septemba 5, 1946, wazazi wake Waparsi, baba yake mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Pili ni jirani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ya Bulsara ilikuja kuishi Feltham, na Feltham na Hounslow ni halmashauri moja, mtu hutoka huku akafika kule kwa basi. Nyumba yao ya Gladstone Avenue ina kibao cha buluu tangu mwaka 2016, vile vinavyobandikwa kwenye nyumba walizokaa watu waliotajika, na Shangazi tukipita njia hiyo hutaka gari liende taratibu. Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwake. Kabla hajawa nyota, Freddie alipata kibarua cha kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Mume wa Shangazi, Mungu amrehemu, alipakia mizigo Heathrow mpaka akastaafu. Hawakuonana, miaka yao haikugongana. "Mgongo unaujua mgongo," husema Shangazi, na hapo mjadala umekwisha.

Aliyependa kipindi cha Kenny Everett alikuwa marehemu mume wa Shangazi. Kwa asiyemjua, Kenny alikuwa mtangazaji wa redio, mzaliwa wa pande za Liverpool, mwaka 1944, mtu wa sauti nyingi. Alikuwa akikata kanda na kuziunganisha mpaka anajibizana na nafsi yake hewani, akijipigia na muziki wa kujikaribisha. Mwaka 1975 alikuwa Capital Radio hapa London. Queen, bendi ya Freddie, walikuwa wamemaliza kurekodi Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita, na wenye biashara ya muziki waliona hakuna redio itakayokubali kuupiga wote. Kenny akapewa nakala kwa sharti la kutoicheza. Akaicheza mara 14 ndani ya mwisho wa wiki mmoja. Watu wakaenda madukani kuulizia santuri ambayo ilikuwa haijatoka. Ilipotoka, ilikaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Rafiki anayekubali kugombezwa kazini kwa ajili yako si wa kuchezea, na urafiki huo mimi huuona kila nikitazama kipande cha televisheni walichocheza pamoja.

Maana baada ya redio, Kenny alihamia kwenye picha. Mwaka 1978 Thames Television walimpa kipindi chake, The Kenny Everett Video Show: vichekesho vifupi vifupi, wahusika wa ajabu aliowaigiza yeye mwenyewe, katuni ya Captain Kremmen, na kundi la wacheza dansi la Hot Gossip. Shangazi anasema Hot Gossip wakitokea tu, marehemu alitumwa jikoni akachemshe chai, na chai ya nyumba ile haikupata kukosekana siku ya kipindi. Kenny aliandika pamoja na Barry Cryer na Ray Cameron, na aliyeongoza kamera alikuwa David Mallet, ambaye baadaye angeongoza video za Queen.

Jambo moja la kipindi hicho nalipenda kuliko yote. Studioni hapakuwa na watazamaji. Vipindi vingi vya vichekesho vya Waingereza vilijaza viti, watu wakaja na mabasi, wakaambiwa wacheke wapi. Kwa Kenny, vicheko unavyovisikia ni vya mafundi waliokuwa kazini: wapiga kamera, watu wa taa, watu wa sauti. Mtu aliyeshika kamera nzito hana sababu ya kucheka kwa adabu. Akicheka, ameshindwa kujizuia.

Basi mwaka 1980 akaingia Freddie. Wanamuziki wengine walishapita kwenye kipindi hicho. David Bowie alikuja mwaka 1979 akaimba, Cliff Richard alikuja akakubali kutaniwa. Freddie katika kipande ninachokisema haimbi kabisa. Kenny anatangaza kwa heshima zote mashindano ya ukatili ya Eurovision, kitu cha kubuni, na Freddie anamrukia. Wanaangushana, wanagaragara chini, mafundi wanaangua vicheko, na kwisha. Ni kitu cha muda mfupi mno. Mwimbaji aliyekuwa akijaza kumbi za maelfu, mwenye sauti iliyotambulika dunia nzima, ameacha shughuli zake akaja kugaragara sakafuni kwa ajili ya rafiki yake.

Kaka yangu mkubwa aliona hapo pana kujivunjia heshima. Nilimwambia, na bado nasema, kwamba kwa Waingereza huo ni mtihani wa heshima. The Beatles walipokuwa wanapanda juu, Desemba 1963, walikwenda kurekodi kipindi cha wachekeshaji wawili, Eric Morecambe na Ernie Wise, wakavaa makoti ya mistari na kofia za majani, na Eric akawa anamwita Ringo jina lisilo lake. John Lennon, mwishoni mwa 1966, alijitokeza katika Not Only... But Also, kipindi cha vichekesho cha Peter Cook na Dudley Moore, kama bawabu mlangoni mwa choo cha umma pale Soho. Elton John tutamfikia. Msanii anayekubali kuchekwa nyumbani kwa watu, ukumbini mwao, chai ikiwa mkononi, hupendwa kwa namna nyingine kabisa na yule anayeshangiliwa uwanjani. Sisi tuliolelewa na vichekesho vya harusini na vijembe vya barazani tunalijua hilo tangu utotoni.

Watoto ndio waliokitafuta kile kipande. Dada yangu ana kijana wa miaka kumi na sita, mrefu, mpole, hajui kumpinga mtu mzima. Wiki ya mwisho ya Ramadhani, baada ya futari, alikaa miguuni kwa Shangazi na simu yake, akawa anamwonyesha hiki na kile. Nilikuwa jikoni naosha mabakuli. Nikasikia kicheko. Shangazi alikuwa amevua miwani, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na anamwambia kijana, "Rudisha! Rudisha pale anaporuka!" Tangu tumzike mumewe nilikuwa sijakisikia kicheko kile. Nilisimama mlangoni na bakuli linalotiririka maji, na dada yangu naye akaja kusimama nyuma yangu.

Uamuzi ukapita hapohapo, bila kikao. Siku ya Idi, wote wakishakula, Shangazi aonyeshwe kile kipande na damu yake mwenyewe.

Kijana alikuwa Freddie, hilo halikuwa na mjadala. Kenny akawa baba yake, shemeji yangu, mtu wa kimo na tumbo, dereva wa basi, mcheshi hodari akiwa na rafiki zake na mzito kidogo mbele ya wakwe. Alikubali haraka mno. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba alikubali kwa ajili ya Shangazi tu, na kwamba usiku huo hakulala vizuri.

Mazoezi yalifanyika kwao, chumbani, mlango umefungwa. Kijana alikuwa na jaketi la ngozi la kuazima. Sharubu alizichora kwa wanja wa Shangazi, wanja wa kweli uliotoka Muscat, akaumaliza wote kwa majaribio, na hiyo peke yake ilikuwa kesi ndogo iliyosubiri zamu yake. Kilichobaki kilikuwa maikrofoni. Freddie alishika nusu ya mlingoti: siku za mwanzo za bendi mlingoti wake ulivunjika jukwaani, yeye akaendelea na kipande cha juu, akakiona kinamfaa, akabaki nacho maisha. Kijana akatafuta nyumba nzima kitu cha urefu ule. Alichokipata ni bomba la mashine yangu ya kufyonza vumbi. Alilichomoa, akalipaka rangi ya fedha, akafunga mchi wa kinu kidogo cha hiliki juu yake kwa utepe. Nilipoiona kazi yake nilimsifu, maana ilipendeza kweli.

Idi ikafika. Tulikuwa wengi kuliko viti. Pilau ilishaliwa, masinia yameshapelekwa jikoni, busati limekunjwa na kuegemezwa ukutani. Kwenye stuli kando ya kochi palikaa chupa mbili, moja ya chai ya maziwa, moja ya kahawa, pamoja na sahani za visheti na vileja. Nyuma ya kochi ulipita waya wa ekstensheni uliolisha televisheni, taa ya pembeni na birika la umeme. Jikoni, katika oveni, ulikuwa mkate wa kumimina wa dada yangu, ndiyo kwanza unaanza kupanda. Shangazi tulimtoa kwenye kochi tukamweka kiti cha mbele, ili aone vizuri. Hilo nalishukuru mpaka leo.

Shemeji akatokea na koti lake jeusi la harusi juu ya kanzu, akasimama nyuma ya kochi upande wa kulia, akatangaza mashindano ya ukatili kwa sauti ya kwenye basi anapowaambia abiria wasogee ndani. Watu wakacheka vizuri. Shangazi alishaanza kutikisika mabega. Mlango wa korido ukafunguka, kijana akaingia na jaketi, sharubu na bomba lake. Wadogo wakapiga kelele. Akarudi hatua mbili nyuma, akakimbia, akaruka.

Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, na nililoliona nimeliona. Kijana akiwa hewani, uso wake ulibadilika. Freddie aliondoka usoni akabaki mtoto anayemwona baba yake. Akataka kurudi nyuma, na hewani hakuna pa kurudi. Baba naye aliuona ule uso. Alikuwa amepangiwa kuanguka chali kwenye mito iliyofichwa chini, lakini badala ya kuanguka alifungua mikono kumdaka mwanawe asiumie. Basi mmoja akawa hataki kumwangusha mwenzake, mwingine hataki kuanguka, na wote wawili wakaenda kwa ubavu.

Waliliangukia kochi kwa juu, kupitia mgongo wake. Mguu wa nyuma ukalia mlio mkavu, kochi likalala upande. Likasukuma stuli. Chupa ya chai ikaenda chini, kifuniko kikafunguka, na chai ya maziwa yote ikateremka nyuma ya kochi mpaka kwenye ekstensheni. Swichi kuu ikaruka. Nyumba nzima kiza, televisheni kimya, oveni kimya. Katika ule ukimya tulisikia visheti vikiendelea kubingiria, na bomba la mashine likipigwa na mwili wa mtu mzima dhidi ya redieta.

Halafu sauti ya Shangazi, taratibu kabisa: "Kochi langu."

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Shemeji alichubuka kiwiko. Kijana alikuwa analia kimya kimya, wanja unamtiririka mpaka kidevuni, anasema, "Baba nisamehe, baba nisamehe," na baba yake anampapasa kichwa gizani kuhakikisha hakuna pa kuvimba. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwa bahati ni fundi umeme, hakusema neno la nilikwambia. Aliagiza mtu yeyote asikanyage penye maji, akachomoa kila kilichochomekwa, akaenda kwenye boksi la swichi chini ya ngazi.

Mlango ukagongwa. Kengele isingelia, maana umeme hakuna. Nyumba zetu za Hounslow zimeungana ukuta kwa ukuta, na jirani yetu, bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake, alikuwa ameusikia mshindo ukutani kwake. Amesimama na tochi na koti la nyumbani, anauliza nani ameumia na kama aite gari la wagonjwa. Nikamkaribisha ndani nimwonyeshe kwamba sote ni wazima. Tochi yake ikapita kwenye kochi lililolala, kwenye visheti, kwenye shemeji na koti la harusi, ikatua kwa kijana mwenye jaketi la ngozi na nusu sharubu. Akasema jina la Freddie, hivihivi, bila kuuliza. Wadogo wakaangua kicheko cha kwanza tangu ajali.

Yule bibi alikaa. Alipewa kahawa iliyonusurika, na kaka aliporudisha umeme alikuwa bado yupo, anamsikiliza dada yangu akimsimulia. Alikikumbuka kipindi cha Kenny, na alimkumbuka mume wa Shangazi, maana alikuja kututembelea mara nyingi alipokuwa hai. Mkate wa kumimina ulikuwa umeketi katikati. Tuliula hivyohivyo, kando ulikuwa mzuri.

Kesi ilisomwa usiku huo, baada ya wageni wa mbali kuondoka. Shangazi alikalia kiti, kochi mbele yake limeegemezwa ukutani. Akataka kila mmoja aseme, kuanzia mdogo.

"Nilipofika karibu nilimwona baba," kijana akasema. "Nikaona siwezi kumwangusha."

"Nami nikamwona amesita," akasema baba. "Nikaona ataumia. Nikataka nimdake."

Shangazi alinyamaza kitambo. Mimi nilitegemea azungumzie kochi, au wanja. Aliuliza swali moja: "Ulimpa rukhsa?"

Shemeji hakufahamu.

"Mwanao. Ulimwambia kwa mdomo wako kwamba leo akuangushe, na huna kinyongo?"

Kumbe hakumwambia. Walifanya mazoezi ya hatua, ya maneno, ya mahali pa kusimama. Walipofika kwenye kuanguka kwenyewe walipaacha, wakasema siku hiyo watajua. Hakuna aliyetaka kulitaja. Kwetu mtoto akipita mbele ya baba yake huinama kidogo, akimpa kitu hukitoa kwa mkono wa kulia, na hapa tulimtaka amrukie kifuani mbele ya wakwe bila hata kumtamkia kwamba inafaa. Shangazi aliliona hilo kabla yetu sote, na mimi niliyekitazama kile kipande mara nyingi ndipo nilipofahamu kinachonivuta ndani yake. Freddie anaruka bila kusita kwa sababu Kenny ameshajitoa. Hakuna anayelinda kitu. Wanakwenda chini pamoja kwa sababu wote wawili walikubaliana kwenda chini, na wale mafundi nyuma ya kamera wanacheka kwa kuona watu wazima wawili wanaoaminiana kiasi hicho. Miaka ya baadaye urafiki wao uliingia ufa, na ugonjwa uleule wa UKIMWI ukawachukua wote wawili, Freddie Novemba 24, 1991, Kenny Aprili 1995. Lakini mwaka 1980 wako sakafuni, wamekumbatiana, na hakuna aliyevunjika.

Hukumu ikatolewa. Kesho yake, Idi pili, magodoro mawili yateremshwe bustanini. Shemeji atoe rukhsa mbele ya watu. Mchezo urudiwe wote, tangu mwanzo, na safari hii kochi libaki ndani.

Alfajiri kulinyesha, mchana jua likatoka, majani bado yana maji. Tulitandika karatasi ya nailoni, tukaweka magodoro. Jirani aliitwa akatolewa kiti. Shemeji alivua koti la harusi, akalikunja, akampa mkewe, akasimama na kanzu tupu. Akamwita mwanawe. Akamwambia kwa sauti tuliyoisikia wote, "Mwanangu, mimi baba yako nimekuruhusu uniangushe. Ruka kwa nguvu zako. Sina kinyongo duniani wala akhera." Kijana akambusu mkono. Akarudi nyuma mpaka kwenye uzio.

Aliporuka safari hii alikuwa Freddie toka mwanzo hadi mwisho. Baba alikwenda chali kama gunia la mbata, miguu juu, kanzu ikajaa upepo, na kijana juu yake, wakabingirika godoro la kwanza, wakabingirika la pili, wakaishia kwenye majani yenye maji. Shemeji alikuwa anacheka chini kule kwa sauti ambayo wakwe zake hatujapata kuisikia kwake. Kaka yangu mkubwa alikuwa amepewa kazi ya kushika taa ya fundi, kwa vile kijana alitaka picha itoke vizuri. Alianza kwa kukaza uso. Kisha taa ikaanza kutikisika, akaiweka chini, akashika magoti, akacheka mpaka akapaliwa. Shangazi akasema rudisha. Wakarudia. Akasema rudisha tena.

Kochi lilitengenezwa. Shemeji alitaka kununua jipya na alikuja na picha za dukani kwenye simu. Shangazi alizitazama kwa adabu zote akamrudishia simu yake. Kaka alimjua mzee mmoja wa Kihindi wa Southall, fundi wa samani, aliyefungua mguu ule, akautia gundi na kijiti cha ndani, akaubana siku mbili, akasema mbao zile hazipatikani tena madukani na ziheshimiwe. Ukipitisha mkono nyuma unaisikia alama. Wanja mwingine uliagizwa Muscat, na uliletwa na mtu aliyekuja kwa kazi zake.

Mashine yangu ya kufyonza vumbi ndiyo haikupona. Bomba lilipinda pale redieta ilipolikamata, na zulia lilikuwa limejaa makombo ya vileja, chai na rangi ya fedha. Kijana alipangiwa kulisafisha kwa ufagio na mikono, akafanya bila kunung'unika. Alipokuwa amepiga magoti, Shangazi aliuliza kama si huyuhuyu Freddie aliyepata kusukuma mashine ya namna hiyo kwenye televisheni. Ni yeye: video ya I Want to Break Free, ya mwaka 1984, aliyoiongoza David Mallet yuleyule, ambamo Queen wote wanne wamevaa kama wanawake wa nyumbani wakiitania tamthilia ya Coronation Street, na Freddie anapiga usafi na sharubu zake. Marekani video hiyo ilikunjiwa uso. Hapa Uingereza watu waliicheka vizuri, kwa kuwa tamthilia yenyewe waliijua na utani wa mwanamume kuvaa gauni walikua nao. Shangazi aliitazama kwenye simu ya kijana, akasema mashine ile ilikuwa nzuri, na akaniuliza kama zile bado zinauzwa.

Idi ijayo imeshapangwa. Watakaocheza ni sisi, na mchezo ni ule wa Krismasi ya mwaka 1977, Elton John alipoalikwa na Morecambe na Wise akapotea ndani ya jengo la BBC akiitafuta studio, na alipoifikia kipindi kimekwisha, watu wameondoka, akapiga piano mbele ya Eric na Ernie waliovaa kama wanawake wa usafi. Shangazi ameuchagua kwa sababu hakuna anayeruka. Kijana ndiye Elton, na miwani ameshaichagua kutoka kwenye kabati la Shangazi, safari hii kwa kuomba. Dada yangu na mimi tuna ndoo na kanga. Njia ya kupotea itaanzia mlango wa mbele, ipande ngazi, ipite chooni, iteremke, ipite kwa jirani ambaye ameshakubali mlango wake wa nyuma utumike, irudi kupitia bustanini. Kaka yangu mkubwa hakuombwa kitu. Juzi alipita akitoka kazini, akasimama koridoni na buti zake, akauliza kama nafasi ya yule anayemwelekeza Elton njia isiyo sahihi imeshapata mtu.